Ulinzi dhidi ya kufukuzwa (Kongo)

Ulinzi dhidi ya kufukuzwa ni kanuni za sheria zinazoizuia serikali kumtoa mtu nchini, au kumng'oa anapoishi, kwa amri tupu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kinga hii hutegemea hali ya mhusika. Raia hafukuzwi kabisa: ibara ya 30 ya Katiba ya 2006 inakataza Mkongo kufukuzwa nchini, kupelekwa uhamishoni kwa nguvu au kushurutishwa kuishi nje ya makazi yake ya kawaida. Mgeni aliyeingia kihalali anaweza kutolewa, ila kwa uamuzi uliofuata sheria. Ndivyo inavyosema ibara ya 12 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambayo pia inapiga marufuku kufukuza watu kwa makundi kwa misingi ya taifa, rangi, kabila au dini. Mkimbizi naye harudishwi kule ambako maisha yake yamo hatarini.

Kesi iliyoweka wazi haki za mgeni ni ya Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara wa Guinea aliyeishi Kongo tangu 1964. Kampuni zake zilikuwa zikiidai serikali na makampuni makubwa ya mafuta. Oktoba 1995 ilitolewa amri ya kumfukuza, nayo ilieleza tu kwamba kuwapo kwake na mwenendo wake vinavuruga utulivu wa umma, hasa katika uchumi na fedha. Alifanya nini hasa? Amri haikutaja. Sheria ya 1983 kuhusu wageni ilitaka tume ya uhamiaji iulizwe kwanza, haikuulizwa. Diallo aliwekwa kizuizini, na tarehe 31 Januari 1996 akapandishwa ndege. Karatasi aliyopewa uwanjani haikutaja kufukuzwa: iliandika kwamba anarudishwa kwa kukaa bila kibali, na hatua ya namna hiyo haikuwa na rufaa katika sheria ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Kwa maneno hayo machache alifungiwa mlango wa kujitetea. Guinea ilikwenda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ambayo tarehe 30 Novemba 2010 iliamua kwamba Kongo ilivunja sheria yake yenyewe pamoja na mikataba iliyoridhia. Mwaka 2012 ikaamuru fidia ya dola 95,000. Hukumu ni nzuri na ingali inatajwa katika kesi za namna hii, lakini ilimfikia mtu ambaye maisha yake ya miaka 32 nchini humo yalikuwa yamekwisha kuvunjwa. Ulinzi wa kweli ni ule unaofanya kazi kabla ndege haijaondoka.

Kwa wakimbizi, mfano mchungu uko Kivu Kusini. Mahali paitwapo Miti pamo katika wilaya ya Kabare, kaskazini mwa Bukavu, mahali ambapo barabara ya Walikale na Kisangani inaachana na ile ya uwanja wa ndege wa Kavumu. Katika eneo hilo, kambi za Inera na Kashusha zilipokea makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kuanzia 1994. Agosti 1995 jeshi la Zaire lilianza kuwaswaga wakimbizi wa Kivu kuvuka mpaka; zaidi ya 10,000 walirudishwa kwa nguvu ndani ya siku chache, kabla malalamiko ya Umoja wa Mataifa hayajasimamisha zoezi hilo. Ni kweli kambini walikuwamo askari na wanamgambo walioshiriki mauaji ya kimbari ya Rwanda, na sheria haiwahesabu hao kuwa wakimbizi. Lakini kuwatenga kunataka kumchunguza mtu mmoja mmoja. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kubebeshwa hatia ya jirani wa hema. Mwanzoni mwa Novemba 1996 kambi zilishambuliwa na waasi wa AFDL na washirika wao wa Rwanda, na waliosalimika wakatawanyika kupitia msitu wa Kahuzi-Biega. Kongo ilipata sheria yake ya wakimbizi mwaka 2002.

Msitu huohuo unaonyesha kwa nini Katiba inataja makazi. Kutoka Miti, barabara inapanda hadi Tshivanga, makao ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970 na kupanuliwa 1975. Wabatwa walioishi humo vizazi na vizazi waliondolewa bila ridhaa wala fidia. Kwa kuwa hawakuvuka mpaka wowote, jambo lao lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa suala la uhifadhi wa sokwe tu, ingawa waliachwa bila ardhi, bila dawa zao za msituni, bila mahali pao pa ibada. Sheria ya kulinda Mbilikimo, ambao Wabatwa ni sehemu yao, ilitiwa saini Julai 2022. Shauri la Wabatwa, lililofikishwa mwaka 2015 mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, liliwapa ushindi katika uamuzi uliotangazwa 2024: Kongo iwarudishie ardhi yao, iwalipe fidia na iwaombe radhi hadharani.