Bonasi na Majedwali ya 1943

Kila Desemba, katika ofisi na viwanda vya Marekani, husikika manung'uniko yaleyale. Mfanyakazi ameahidiwa bonasi ya dola 10,000, lakini zinazoingia benki ni 7,000 na ushee, tena kabla jimbo lake halijachukua fungu lake. Basi anaamini kwamba serikali inaitoza bonasi kodi kali kuliko mshahara. Sivyo. Mwisho wa mwaka, sheria ya kodi ya mapato huzihesabu dola za bonasi na za mshahara kwenye kapu moja. Kinachotofautiana ni namna mwajiri anavyokata mapema, na chanzo cha tofauti hiyo ni cha zamani.

Kukata kodi juu kwa juu kulijaribiwa mara mbili bila kudumu. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, watumishi wa serikali kuu walikatwa 3% ya mishahara yao. Kodi ya mapato iliporudi mwaka 1913, makato yalirudi nayo, ila malalamiko ya waliolazimika kukata yakawa mengi, na mwaka 1917 utaratibu huo ukafutwa. Tangu hapo mtu alipata fedha mwaka huu, akalipa kodi yake mwaka ujao, mwenyewe, kwa awamu. Mwaka 1939 walipakodi hawakuzidi sana milioni 4, wengi wao watu wenye nafasi. Kundi dogo kama hilo linaweza kusubiriwa.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyovunja subira hiyo. Kufikia 1945 walipakodi walikuwa zaidi ya milioni 40, na wengi wao hawakuwa na akiba ya kulipia deni la mwaka uliopita. Mwaka 1942 Disney walimtumia Donald Duck katika filamu fupi ya kuwahimiza wananchi walipe kwa wakati. Lakini bata, hata awe maarufu vipi, hakusanyi mabilioni.

Suluhisho lilipigiwa debe na Beardsley Ruml, mweka hazina wa maduka ya Macy's na mwenyekiti wa tawi la New York la benki kuu ya Marekani (Federal Reserve). Hoja yake ilikuwa nyepesi: sogezeni mbele saa ya kodi, kila mtu alipie mwaka alio nao. Tatizo lilikuwa 1942. Kuanza kukata mishahara ya 1943 huku watu wakidaiwa ya mwaka uliotangulia kungekuwa kuwalipisha mara mbili kwa mkupuo. Ruml akataka deni la zamani lisamehewe. Rais Roosevelt akapinga, kwa kuwa msamaha mnono zaidi ungewaangukia matajiri, na katika hilo hakukosea. Yakaja maafikiano: robo tatu ya kodi ya mwaka mmoja ikafutwa, na aliyedaiwa dola 50 au chini ya hapo akasamehewa yote. Roosevelt alitia saini tarehe 9 Juni 1943, na makato yakaanza tarehe 1 Julai. Mmoja wa wachumi vijana wa Hazina waliousuka mpango huo alikuwa Milton Friedman, ambaye uzeeni alitamani ungefutwa.

Waajiri wakawa wakusanyaji kodi wasiolipwa. Wengi walikubali. Vivien Kellems, mwenye kiwanda cha vishikio vya nyaya huko Connecticut, aligoma mwaka 1948 kuwakata wafanyakazi wake. Serikali ikajichukulia fedha benki, naye akaipeleka mahakamani.

Makato ya 1943 yalikuwa 20% ya kila dola iliyovuka kiwango kisichotozwa kodi. Kwa hesabu hiyo bonasi haikuwa na kero: nayo ilikatwa 20% kama dola nyingine yoyote. Kero ilianza 1966, Bunge lilipoweka makato ya ngazi, kuanzia 14% hadi 30%. Majedwali ya ngazi yanachukulia kwamba kila malipo yanafanana na yatakayofuata. Mfanyakazi wa dola 4,000 kwa mwezi akilipwa bonasi ya 10,000 pamoja na mshahara, jedwali linaona 14,000 na kudhani kwamba huyu ni mtu wa dola 168,000 kwa mwaka. Kwa kweli mapato yake ya mwaka ni 58,000.

Uingereza iliyakwepa mengi ya hayo. Mfumo wake wa PAYE, ambao jina lake linafahamika kwa kila mwajiriwa wa Nairobi na Dar es Salaam, ulianza Aprili 1944. Kansela Kingsley Wood aliyeuandaa alifariki Septemba 1943, siku ileile aliyotazamiwa kuutangaza bungeni. Majedwali yake hujumlisha mapato tangu mwaka wa kodi uanze, hivyo mwezi wenye bonasi ukizidisha makato, miezi inayofuata huyarekebisha.

Wamarekani walichagua njia ya mkato: mwajiri anayetenganisha bonasi na mshahara anaruhusiwa kuikata kwa kiwango kimoja. Kiwango hicho kilikuwa 20% hadi 1993, kikapanda hadi 28% mwaka 1994, na tangu 2018 ni 22%. Juu yake huja 6.2% ya hifadhi ya jamii na 1.45% ya bima ya afya ya wazee. Kwa bonasi ya 10,000, jumla ni dola 2,965. Lakini mfanyakazi wetu wa dola 58,000, kama hana mwenzi wa ndoa wala mapato mengine, yumo kwenye ngazi ya 12% kwa viwango vya 2025. Kwa hiyo takriban dola 1,000 kati ya zilizokatwa atarudishiwa akishawasilisha hesabu zake.

Wakubwa wana kanuni yao. Tangu 2005, malipo ya ziada yakipita dola milioni moja kwa mwaka, mwajiri hana hiari: sehemu inayozidi hukatwa kwa kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato, ambacho sasa ni 37%.