Krismasi ya Mkunazini na Maana ya Zawadi

Mtu atakaye kuichunguza historia ya Krismasi katika nchi yetu hana budi kufika Unguja, katika mtaa wa Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Hapo ndipo jiwe la msingi la Kanisa la Kristo lilipowekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, ikiwa imepita miezi sita tu tangu soko hilo lifungwe. Na ni siku ya Krismasi vile vile, mwaka 1877, ibada ya kwanza iliposaliwa ndani yake. Tarehe hizo mbili hazikutukia kwa bahati. Waliozichagua walikusudia kusema neno, nalo ni hili: mahali ambapo binadamu alitiwa bei, hapo hapo isomwe habari ya mtoto ambaye, kwa imani ya Wakristo, alitolewa bure kwa ajili ya watu wote. Neno hilo lilikuwa na uzito gani, na lilitimizwa kwa kiasi gani, ndiyo mambo tunayotaka kuyatafakari katika makala haya.

Yafaa ikumbukwe kwamba jina la sikukuu hii lilipita katika bahari yetu zamani zaidi. Vasco da Gama alipokuwa akiambaa pwani ya kusini mwa Afrika, siku ya Krismasi ya mwaka 1497, aliipa nchi aliyoiona jina la Natal, maana yake ni Krismasi katika lugha ya Kireno. Mwezi wa Aprili 1498 alikuwa Mombasa na Malindi. Mwaka 1505 Wareno wenzake, chini ya Francisco de Almeida, wakaziteka Kilwa na Mombasa na kuzipora. Basi jina lilitangulia na mizinga ikafuata, wala hakuna Mswahili wa zama zile angeweza kulaumiwa kwa kutoona zawadi yoyote ndani yake. Mapadre waliotoka kisiwa cha Réunion walifika Unguja Desemba 1860, siku chache kabla ya sikukuu. Hao walikuwa Wafaransa, na kutokana na lugha yao tumepata neno Noeli. Waingereza ndio waliotuachia Krismasi. Hata leo, mtu akitamka mojawapo ya maneno hayo, msikilizaji aweza kukisia babu zake walibatizwa na nani.

Turudi Mkunazini. Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kufunga soko tarehe 5 Juni 1873. Hakufanya hivyo kwa hiari. Waingereza walikuwa wamemtisha kwamba manowari zao zingekizunguka kisiwa. Kiwanja cha soko kikaingia mikononi mwa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA, na kazi ya ujenzi ikasimamiwa na Edward Steere, ambaye mwaka 1874 aliwekwa kuwa askofu. Huyu ndiye yule Steere mwanachuoni wa Kiswahili, aliyekusanya ngano za Unguja na kuzichapa mwaka 1870. Paa la kanisa alilijenga kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na wengi waliotazama waliamini kwamba lingeanguka. Halikuanguka. Nguzo fulani ndani ya kanisa zimesimama kichwa chini miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha siku ambazo askofu hakuwapo, na aliporudi akaziacha zilivyo. Mapokeo husema pia kwamba altare imejengwa pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa ili ijulikane nani mvumilivu na nani dhaifu, na bei ikadiriwe kwa kadiri hiyo.

Lakini jambo linalostahili kutazamwa zaidi, nalo husahauliwa mara nyingi, ni waliotoa. Sehemu ya ardhi ile ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara tajiri wa Kihindi. Saa ya mnarani husemwa kuwa ni zawadi ya Sultani Barghash mwenyewe. Mmoja Baniani, mwingine Mwislamu wa madhehebu ya Ibadhi. Wala hapana hata mmoja wao aliyetarajia kuisali Krismasi ndani ya nyumba ile. Tukiitafuta zawadi halisi katika historia hii, zawadi isiyomrudia mtoaji, huenda tukaipata kwao kabla ya kuipata kwa waliokuwa wakihubiri juu yake. Mwenye shaka atasema kwamba Barghash alikuwa na siasa zake, na tajiri yule alikuwa na biashara zake. Yawezekana. Ni watoaji wachache katika historia ambao mikono yao haikuwa na hesabu yoyote. Hata hivyo, saa ilitolewa, na ardhi ikatolewa.

Hapana budi tuseme na upande wa pili. Siku ya Krismasi ya mwaka 1877 waumini walipotoka kanisani, walipita katika vichochoro ambamo watumwa walikuwa bado wakibeba mizigo ya mabwana wao. Lililofungwa mwaka 1873 ni soko, na biashara ya baharini. Utumwa wenyewe haukuguswa. Karafuu za Unguja na Pemba ziliendelea kuchumwa na watu wasiokuwa na haki juu ya miili yao. Amri ya kuwaruhusu watumwa wa Unguja na Pemba kudai uhuru wao haikutoka mpaka mwaka 1897, tena kwa masharti mengi. Ya mwisho ilitoka mwaka 1909. Na Tanganyika utumwa ulikuja kupigwa marufuku na sheria mwaka 1922, wakati Waingereza walipokuwa wameshika nchi. Wajukuu wa wale waliosali ibada ya kwanza wangeweza kuwa watu wazima kabla neno lile la Mkunazini halijatimia. Kwa sababu hiyo, ni vibaya kuisimulia habari hii kana kwamba kengele ililia na minyororo ikakatika.

Na hao waliookolewa majahazini, walipewa nini? Wengi walipelekwa Mbweni, katika shamba ambalo misheni ililinunua mwaka 1871. Walipewa viwanja, mafunzo na majina mapya, nao wakatakiwa kuishi kwa kanuni ambazo hawakuzitunga wao. Mtoaji aliendelea kuwa baba na mpokeaji akaendelea kuwa mtoto. Hii ndiyo kasoro kubwa ya ukarimu wa misheni, na hatuna sababu ya kuificha: zawadi ambayo mpokeaji haruhusiwi kuipita huwa ni deni. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu huru hao kurudi bara, naye akawaweka Masasi. Na huko, mbali na macho ya Unguja, walianza kujitengenezea maisha. Cecil Majaliwa, ambaye alichukuliwa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Kiungani, akawa mwaka 1890 Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadre, akafanya kazi Chitangali katika nchi ya kusini. Hapo mkono uliokuwa ukipokea ulianza kutoa, na kwa maoni yangu tarehe hiyo yastahili kukumbukwa pamoja na ile ya 1877.

Mahali pengine Krismasi ilipata sura nyingine, kwa sababu iliwakuta watu katika ardhi yao wenyewe na mila zao wenyewe. Mfano ulio dhahiri ni Kilimanjaro. Mapadre walipiga kambi Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Wachaga waliipokea sikukuu, kisha wakaitia ndani ya desturi walizokuwa nazo. Mpaka leo mwezi wa Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, na mtu aliyekaa mjini mwaka mzima hurudi kihambani, penye migomba na makaburi ya wazee wake. Mnyama huchinjwa, nyama haigawiwi ovyo, bali kila kipande kina mwenyewe kwa cheo chake cha ujamaa, na kukosea mgao ni kumtukana mtu. Waliokosana husuluhishwa kwanza. Jani la sale likishikwa mkononi na mwenye kuomba radhi, ni aibu kubwa kulikataa. Hapa zawadi haifungwi kwa karatasi. Ni nafasi ya mtu katika ukoo wake, ambayo hurudishiwa mara moja kwa mwaka, hata kama amekuja mikono mitupu. Inasikitisha basi kwamba baadhi ya vijana siku hizi huogopa kurudi kwa sababu hawakupata kitu cha kuonyesha, kwani mila ile haikumtaka mtu aonyeshe kitu, ilimtaka aonekane.

Katika miji ya pwani na ya bara pia, Krismasi haikubaki ya Wakristo peke yao. Katika nyumba nyingi za Kikristo huitwa jirani Mwislamu aje achinje mbuzi au kuku, ili majirani wote waweze kula. Ni desturi ya hiari, tena ni tete: Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ulimwaga damu ya mtu. Kwingine desturi inaendelea bila makelele. Sahani ya pilau hupelekwa nyumba ya pili ikiwa imefunikwa kawa, na kwa adabu za pwani sahani hairudishwi tupu. Hukaa kwa jirani mpaka naye apate siku yake. Na kwa kuwa miezi ya Kiislamu huzunguka ndani ya mwaka wa jua, kuna miaka ambayo siku hizo hukutana, kama mwaka 2000, Idi el-Fitri ilipofuata siku chache tu baada ya Krismasi. Mwaka kama huo sahani hazipati hata nafasi ya kukauka.