Uingereza Chini ya Wageni: Historia Isiyotokea na Ushahidi Wake

Mwanahistoria hukatazwa kuuliza "ingalikuwaje?" Msanii hakatazwi. Mwaka 1956 vijana wawili wa London, Kevin Brownlow wa miaka 18 na Andrew Mollo wa miaka 16, walianza kutengeneza filamu juu ya swali hilo: ingalikuwaje lau Ujerumani ya Hitler ingaliivamia na kuitwaa Uingereza mwaka 1940? Kwa fedha za kudunduliza na waigizaji wengi wa kujitolea, kazi iliwachukua miaka minane. Ilipofika katika majumba ya sinema mwaka 1966 iliitwa It Happened Here, yaani "Ilitokea Hapa".

Nguvu ya filamu hii imo katika vazi lake. Ni hadithi ya kubuni iliyopewa sura ya taarifa ya kweli: picha za nyeusi na nyeupe, sauti ya msimulizi asiye na hamasa, hata sinema ya habari ya uongo inayosifu udugu wa Waingereza na Wajerumani. Mollo alikuwa bingwa wa sare za kijeshi. Mtazamaji anawaona askari wa Kijerumani katikati ya London, na jicho linasadiki kabla akili haijakanusha.

Mhusika mkuu si shujaa. Pauline ni muuguzi anayefika London baada ya jirani zake kuuawa katika mapigano kijijini. Hana siasa, anataka kazi na utulivu. Ili apate kuuguza, sharti ajiunge na jumuiya ya mafashisti wa Kiingereza na kuvaa sare yao. Anaivaa. Baadaye anahamishiwa hospitali tulivu ya shamba, na huko anagundua kwamba sindano alizowachoma vibarua wa kulazimishwa kutoka Ulaya ya Mashariki, wagonjwa wa kifua kikuu, zilikuwa za mauti. Wapiganaji wa upinzani nao hawakutakaswa: mwishoni wanawapiga risasi Waingereza wenzao waliokwisha kusalimu amri.

Mzozo mkubwa ulizuka kwa sababu ya kipande ambamo mafashisti wa kweli wa Kiingereza, si waigizaji, wanaeleza imani yao kwa maneno yao wenyewe. Jumuiya za Kiyahudi zilihofia kwamba sumu ingeenezwa bila ya dawa, na wasambazaji, United Artists, wakakikata. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani majeraha ya vita yalikuwa bado mabichi. Lakini kipande hicho, kilichorejeshwa miaka mingi baadaye, ndicho uti wa mgongo wa filamu: mvamizi asingelazimika kuileta itikadi yake sandukuni, angaliikuta imekwisha ota.

Je, filamu inawasingizia Waingereza? Jibu limo visiwani. Jersey, Guernsey na visiwa jirani, milki za Taji la Uingereza karibu na pwani ya Ufaransa, vilikaliwa na Wajerumani tangu mwisho wa Juni 1940 hadi Mei 1945. Mahakama, polisi na makarani waliendelea na kazi zao. Wayahudi walipoamriwa kujiandikisha, walioshika kalamu walikuwa maofisa wa visiwani. Aprili 1942 wanawake watatu wa Kiyahudi waliondolewa Guernsey. Wote walifia Auschwitz. Mmoja wao, Therese Steiner, alikuwa muuguzi. Kisiwani Alderney vibarua wa kulazimishwa, wengi wao kutoka Ulaya ya Mashariki, walikufa kwa mamia. Walikuwepo pia wenyeji waliowaficha watoro na kusikiliza redio zilizopigwa marufuku, na baadhi yao hawakurudi kutoka vifungoni.

Unguja na Pemba zilikuwa chini ya himaya ya Uingereza kuanzia 1890 hadi 1963, na filamu hii ilitengenezwa katika miaka ambayo himaya hizo zilikuwa zikianguka. Hali hizo mbili hazifanani, na si haki kuzisawazisha. Hata hivyo, liwali, mudiri na karani wa hapa wanatusaidia kulielewa jambo ambalo vijana wale waliliona: mgeni ni mchache, na amri yake hutembea kwa miguu ya mwenyeji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Filamu hii yaongeza kwamba nguo yenyewe huenda ikawa sare ya muuguzi aliyetaka kazi tu.