Kuba ya Milango Minne

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo limeandikwa sana katika vitabu vya tarehe, lakini juu ya mimbari zetu hutajwa kwa nadra. Mnyonge anapodhulumiwa na mwenye nguvu, na mwenye nguvu huyo ni mtumishi wa dola, au ni tajiri anayemlipa ujira wake, ampelekee nani mashtaka?

Kwa ugomvi wa jirani na jirani, kadhi yuko. Lakini kadhi ana kalamu tu, hana askari. Akimwita liwali au jemadari, na yule asije, kadhi atafanya nini? Ndipo watawala wa zamani wakaweka baraza jingine, lililoitwa kwa Kiarabu diwani ya madhalim. Na hapa tunawaomba wanafunzi wetu wasichanganye: madhalim ya Kiarabu si madhalimu wetu wa Kiswahili, yaani watu wenye kudhulumu. Maana yake ni dhuluma zenyewe zilizotendwa, zile zinazotakiwa zirudishwe kwa wenyewe. Baraza lile basi lilikuwa baraza la kurudisha.

Wanahistoria wanaeleza kwamba Abdul-Malik bin Marwan, aliyetawala Damascus tangu mwaka 685 hadi 705, ndiye wa kwanza kutenga siku maalumu ya kusoma mashtaka ya raia, na lililomtatiza akimpa kadhi wake. Akaja baadaye Umar bin Abdul-Aziz, mwaka 99 wa Hijra, naye hakungoja mashtaka. Alianza kurudisha mali zilizochukuliwa bila ya haki, na akaanzia nyumbani kwake, kwa jamaa zake mwenyewe wa Banu Umayya, mpaka watu wakamhofia kwamba jamaa hao watamdhuru. Alitawala muda usiofika miaka mitatu. Wako waliotawala miaka thelathini wala hakuna mtu anayewataja.

Katika habari za Bani Abbas, iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala baina ya mwaka 813 na 833. Desturi yake ilikuwa kukaa Jumapili kwa ajili ya mashtaka. Inasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa karibu kuinuka, alimjia mwanamke aliyevaa nguo zilizochakaa, akadai kwamba amenyang'anywa shamba lake. Alipoulizwa ni nani mdaiwa wake, alimwonyesha kijana aliyesimama ubavuni pa Khalifa, naye alikuwa ni al-Abbas, mwana wa al-Ma'mun mwenyewe. Khalifa akaamuru mwanawe ashikwe mkono akaketishwe pamoja na yule mama, kama wanavyoketi wadai wawili. Mama akasema kwa sauti kubwa, ikapita sauti ya mwana wa mfalme. Mmoja wa wakubwa wa baraza akataka kumnyamazisha. Al-Ma'mun akakataa, akaeleza kwamba aliyemtia mama ulimi ni haki, na aliyemfunga kijana kinywa ni batili. Shamba likarudi kwa mwenyewe.

Habari kama hizi ni tamu, na tumezoea kuzisimulia kwa ajili ya utamu wake. Lakini wajibu wa msomaji wa tarehe ni kuuliza: na siku ambazo Khalifa hakuwa al-Ma'mun? Mwanachuoni aliyelishughulikia swali hilo ni Imamu al-Mawardi, aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 450 wa Hijra, yaani 1058. Katika kitabu chake cha hukumu za utawala aliweka mlango mzima juu ya baraza hili. Anasema kikao hakitimii bila ya watu wa aina tano: askari wa kumvuta mwenye nguvu na kumzuia mjeuri, makadhi, mafakihi wa kuulizwa penye shaka, makarani wa kuandika yaliyosemwa na yaliyohukumiwa, na mashahidi wa kushuhudia hukumu hiyo. Tazameni kwamba askari katika baraza hili wamewekwa kwa ajili ya mshtakiwa mkubwa, si kwa ajili ya mlalamikaji. Ni wangapi kati yetu waliokwenda kushtaki mahali wakakuta askari wamegeuziwa wao?

Kisha al-Mawardi anahesabu mambo kumi yanayohusu baraza hilo. Hatutayataja yote. La kwanza ni ujeuri wa maliwali juu ya raia, na la tatu ni kazi za makarani wa diwani wanaoandika mapato na matumizi ya mali ya watu. Katika mambo hayo, asema, msimamizi hangoji mtu aje kulalamika, bali huchungua mwenyewe, kwa sababu mwenye kuogopa hatakuja. La nne ni malalamiko ya wenye kulipwa mishahara, waliopunguziwa malipo yao au waliocheleweshewa. Mwanachuoni huyo, miaka karibu elfu moja iliyopita, hakuona kuwa mshahara uliochelewa ni jambo dogo la kumalizwa baina ya karani na mtumishi. Aliuweka katika orodha moja na ardhi zilizoporwa na wafalme. La sita ni usimamizi wa mali za wakfu, nazo tunajua sote ni mali zinazolika kwa urahisi, kwani aliyeziweka amekwisha kufa, na wanaostahiki kunufaika nazo ni maskini.

Tusiyasikilize haya kama kwamba yanawahusu wakubwa peke yao. Nyumba nyingi zinazotusikiliza saa hii zina mtumishi jikoni au mlinzi mlangoni. Misikiti yetu ina waadhini, na vyuo vyetu vina waalimu wanaofundisha tangu asubuhi hadi alasiri, ambao mwisho wa mwezi huambiwa wasubiri. Mwalimu yule hana baraza la kwenda, na akilalamika husemwa kwamba anapenda dunia.

Juu ya hili iko habari inayotupendeza zaidi ya ile ya al-Ma'mun, nayo ameisimulia mwanahistoria Ibn al-Athir. Sultani Nuruddin Zangi, aliyefariki mwaka 1174, alijenga Damascus nyumba iliyoitwa Nyumba ya Uadilifu, akiketi humo pamoja na kadhi na mafakihi kuwasikiliza watu. Majemadari wake walikuwa wamejipatia mashamba mengi, na baadhi yao wakawaonea majirani zao. Mkubwa wao alikuwa Asaduddin Shirkuh, ami yake Salahuddin. Shirkuh aliposikia nyumba ile inajengwa, aliwaita mawakili wake akawaambia kwamba bila ya shaka imejengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Basi na waende kwa kila mwenye dai juu yao wamridhishe, hata kama mali yake yote itakwisha, na atakayemsababishia kuitwa katika nyumba ile atamsulubu. Mawakili wakaenda, wakapatana na watu. Nuruddin alipoketi, siku zikapita, na hakuna aliyemshtaki Shirkuh. Alipojua sababu, akasujudu kumshukuru Mwenyezi Mungu. Nyumba ilifanya kazi kabla mlango wake haujafunguliwa.

Lakini si kila aliyejenga alifika salama. Khalifa al-Muhtadi, aliyetawala Samarra mwaka 869 hadi 870, alijenga kuba yenye milango minne, ili mwenye shida apate kuingia kutoka upande wowote, na mwenyewe akikaa chini yake kusikiliza mashtaka. Askari waliokuwa wameishika dola walimwua kabla hajatimiza mwaka mmoja katika ukhalifa. Basi udhaifu wa mabaraza haya ndio huo, wala tusiufiche: mlango ulifunguliwa na mtu mmoja, na mtu huyo akiondoka, mlango hufungwa. Mdhulumiwa hakuwa na ufunguo wake.

Sasa tusafiri mpaka pwani yetu wenyewe, tuone watu waliotaka kuushika ufunguo kwa mikono yao.

Mombasa katika siku za ukoloni ilikuwa mji wa vibarua. Makuli wengi wa bandarini waliajiriwa kwa siku: leo meli ipo, kazi ipo, kesho meli hakuna, na chakula hakuna. Mwaka 1939 wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali waligoma wakidai posho ya nyumba, na mgomo ukaenea mpaka bandarini. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Tume ikasikiliza habari za kodi na za msongamano wa vyumba, na baadhi ya wafanyakazi wakapata nyongeza ndogo. Kisha vita vikaja, bei za vitu zikapanda, na ujira haukuzifuata.

Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata wa majumbani, waliacha kazi kwa siku 12. Kila siku walikutana katika uwanja ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Hapo palisemwa mbele ya watu yale ambayo kila mmoja alikuwa akiyasema peke yake usiku: kwamba ujira hautoshi, kwamba watu wa kazi moja hulipwa kwa kutazamwa rangi zao. Katika uwanja huo walikuwamo Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara, ambao wengine walipenda kuwaona wakigombana. Chama chao kilikuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na kiongozi wake alikuwa kijana aitwaye Chege Kibachia.

Eliud Mathu, ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alishuka Mombasa akawaomba warudi kazini, kwa ahadi kwamba litaundwa baraza la hukumu la kuyapima madai yao. Wakarudi. Baraza likaundwa chini ya Jaji Thacker, na uamuzi wake wa mwaka huo huo ukawaongezea malipo wafanyakazi wengi. Tungependa kusimama hapo. Lakini mwezi wa Agosti 1947 Kibachia alikamatwa, akapelekwa Baringo, mbali na bahari na mbali na watu wake, akazuiliwa huko kwa muda wa miaka kama kumi. Dai lilikubaliwa, na mdai akafungwa. Hii ni njia ambayo al-Mawardi hakuiandika, lakini watawala wa kila zama wameijua.

Je, baada ya uhuru? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Na kifungu cha 41 kinamhakikishia mfanyakazi haki katika kazi yake. Mlango sasa umeandikwa katika sheria, hautegemei moyo wa mtu mmoja. Hata hivyo, kuna safari ndefu baina ya mlango ulioandikwa na mlango uliofunguliwa, na watu wa Owino Uhuru wanaijua urefu wake.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu maskini wapatao 3,000, hapo hapo Mombasa. Ubavuni pake palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu yakaingia majumbani. Sumu ikaonekana katika damu za wafanyakazi na za watoto wa majirani. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa katika kiwanda hicho, mtoto wake mchanga aliugua kwa sumu hiyo. Akaanza kuandika barua, kubisha katika ofisi na kuwakusanya wenziwe. Mwaka 2012 alikamatwa yeye na baadhi yao walipoandamana, wakashtakiwa, na mahakama ikawaachia. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Mwezi wa Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Na jambo ambalo al-Mawardi angelitambua mara moja ni hili: hukumu haikumbebesha mzigo mwenye kiwanda peke yake. Sehemu kubwa kuliko zote iliwekwa juu ya mamlaka ya serikali yenye kazi ya kulinda mazingira, kwani aliyewekwa kutazama hakutazama. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua malipo hayo. Wakazi wakapanda tena, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikayarudisha. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu moshi kukoma, na wale watoto waliotolewa damu kupimwa walikwisha kuwa vijana.