Kihame, si Kiingilio cha Buti

Rasimu ya faharasa ya kompyuta iliyonifikia mwaka huu ina istilahi nisiyoweza kuinyamazia: "kiingilio cha buti kilichosalia". Inakusudiwa kutaja lile jina linaloendelea kujitokeza kwenye menyu ya kuwashia kompyuta baada ya mfumo endeshi wa pili kuondolewa. Aliyewahi kuweka Linux ya Ubuntu kando ya Windows kisha akaifuta analifahamu jina hilo. Patisheni imefutwa na nafasi imerudi, lakini "ubuntu" lingali kwenye menyu, na ukilichagua unaishia kwenye skrini nyeusi yenye neno grub, inayosubiri amri.

Kwa Mswahili, kiingilio ni ada ya mlangoni, fedha unayotoa ili uingie uwanjani. Buti ni kiatu. Sijui wajumbe wa kamati iliyoiandaa rasimu hiyo waliviunganishaje viwili hivi bila hata mmoja wao kuvisoma kwa sauti. Na hata hilo buti hawakulichunguza. Wasemaji wa Kiingereza walianza na ukanda wa kuvutia buti mguuni, kutokana na msemo wao kuhusu mtu anayejiinua kwa kuvuta kanda za buti zake mwenyewe. Katika miaka ya 1950 wahandisi wakaupa jina hilo msururu mfupi wa maagizo unaojipakia wenyewe, kisha ukapakia programu iliyobaki. Sisi msemo huo hatuna. Tuna kuwasha, na menyu ya kuwashia inaeleweka kwa fundi na kwa mwanafunzi.

Kwa hicho kinachobaki ninapendekeza kihame. Shina lake ni hama, lililotupa hamia, hamisha, uhamisho na mhamaji. Mahali palipohamwa huitwa hame, mahame au kihame: watu wameondoka, lakini jina la mahali lingali linatajwa na njia ya kufika ingali inajulikana. Ndivyo lilivyo jambo lenyewe. Kompyuta zinazotumia UEFI, programu ya kuwashia iliyo kwenye ubao mama, huandika jina la mfumo na njia ya kulifikia faili lake la kuwashia katika kumbukumbu ya ubao mama, ambayo haifutiki umeme ukikatika. Faili lenyewe hukaa katika patisheni ndogo ya pekee, ya muundo wa FAT32, ambayo mifumo yote huitumia kwa pamoja. Ukifuta patisheni ya Linux umewaondoa wakazi tu. Jina na njia hukuvigusa.

Nimechagua ki- kwa makusudi, kwa sababu mahame husikika kama eneo zima, ilhali kihame kinahesabika: kihame kimoja, vihame viwili, futa kihame hiki. Faharasa inahitaji neno linalokubali kuhesabiwa.

Mwenzangu mmoja, ambaye hupinga kila neno lisilotoka kwake, anashikilia "mabaki". Mabaki ni sehemu ya kitu kilichokuwa kizima, kama chakula kilichosalia sahanini. Jina lililo kwenye ubao mama halikuwa kipande cha mfumo uliofutwa. Lilikuwa likielekeza kwake. Mwingine alileta gofu, na gofu lina hadhi yake, lakini linataka kuta zilizosimama. Ganjo lilikaribia zaidi, ila vijana wengi hawalijui tena. Niliambiwa pia kwamba mfumo haukuhama, ulifukuzwa. Hame haliulizi sababu. Wakazi waweza kuwa waliondoka kwa vita, kwa ukame au kwa kufukuzwa, na mahali pakaitwa hame vilevile.

Wanaodai kwamba msamiati wa zamani hauwezi kazi hii wakumbuke kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili. Na jina linaloganda mara nyingi kwenye menyu zetu, ubuntu, ni ndugu wa utu. Inashangaza kulikuta neno la Kibantu limezungukwa na buti na viingilio.

Kuhusu matumizi: ukiwa ndani ya Linux nyingine, amri ya efibootmgr huorodhesha majina yaliyomo katika kumbukumbu ya ubao mama, na efibootmgr -b 0003 -B hufuta kihame chenye namba 0003. Katika Windows tumia bcdedit /enum firmware kwa idhini ya msimamizi, kisha bcdedit /delete pamoja na kitambulisho cha kihame hicho. Ondoa pia folda ya mfumo uliofutwa katika ile patisheni ndogo, maana baadhi ya kompyuta hukirudisha kihame zikiiona, lakini folda ya Microsoft usiiguse.

Rasimu hiyo bado haijapigwa chapa. Nawaomba wahariri wake wakifute kiingilio cha buti sasa, kabla hakijaingia katika vitabu vya shule, na mahali pake waandike kihame.