Mtaji wa Kiutamaduni

Mchuuzi akisema mtaji umekatika, hahitaji kufafanua: kile alichoanzia biashara, kilichokuwa kikimzalia faida, kimekwisha. Neno hilo la sokoni ndilo linalobeba nusu ya istilahi “mtaji wa kiutamaduni”, na linaibeba vizuri. Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, wanasosholojia wa Ufaransa, walionyesha mwaka 1964 katika kitabu chao Les Héritiers, yaani “Warithi”, kwamba nafasi ya mtoto wa afisa wa ngazi ya juu kuingia chuo kikuu ilikuwa mara 80 ya nafasi ya mtoto wa kibarua wa shambani. Pesa peke yake haikutosha kueleza pengo hilo. Mtoto wa afisa alikuwa amerithi lugha ya kitabuni, mazoea ya kujadiliana na wakubwa, na raha ya kukaa maktaba: huo ndio mtaji wa kiutamaduni. Shule ikamtuza kwa mambo ambayo yenyewe haikumfundisha, kisha ikauita urithi huo kipaji.

Ugumu uko kwenye nusu ya pili. Utamaduni, neno lenye shina moja na madina, yaani mji kwa Kiarabu, siku hizi hutupeleka moja kwa moja kwenye ngoma, mavazi na mila. Msomaji atahoji, na ana haki: mtoto wa kijijini anayejua vitendawili, nasaba za ukoo na majina ya miti amepungukiwa utamaduni gani? Hakupungukiwa. Ila alichonacho hakinunui alama za mtihani. Mtu anaweza basi kupendekeza “mtaji wa malezi”, lakini mimi ningelikataa neno hilo, maana lingewatwisha mama na baba lawama, ilhali anayepanga bei ni shule.

Tazama Tanzania. Ada katika shule za serikali ziliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini aliyesoma msingi kwa Kiswahili bado hupokewa sekondari kwa Kiingereza. Mwenzake aliyetoka shule ya kulipia, na anayekisikia Kiingereza nyumbani, anajifunza fizikia. Yule wa kwanza anajifunza fizikia pamoja na lugha ya kuifundishia. Wapo wanaofaulu hata hivyo, na Bourdieu mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta wa kijijini. Kufaulu kwao kunathibitisha juhudi zao, wala hakupunguzi kazi ya ziada waliyofanya, ambayo cheti hakina mahali pa kuiandika.