Kuomba Ufadhili wa Chuo Kikuu: Njia za Halali na Maandalizi Yake

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam). Ama ba'ad:

SUALI: Tumeulizwa na mzazi wa asili ya Pemba anayeishi Songea, mkoani Ruvuma. Mwanawe yuko Kidato cha Tano. Jirani amemshauri atafute cheti cha kifo cha baba ili kijana ahesabiwe yatima, na baba huyo ndiye muulizaji. Je, inajuzu? Na kama haijuzu, afanye nini?

JAWABU: Haijuzu. Ni uongo na ni kula fungu la yatima wa kweli. Aya ya 119 ya Surat at-Tawba imeiambatanisha taqwa na kuwa pamoja na wakweli. Milango ya halali ipo, bali yataka kuanza mapema.

Kwanza, nyaraka. Matokeo ya Kidato cha Sita kwa kawaida hutoka Julai, muda wa kuomba ni mfupi, na baadhi ya vijana wanakuwa kambini JKT. Basi tangu sasa hakikisheni jina ni moja katika cheti cha kuzaliwa na cha Kidato cha Nne. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule huleta usumbufu. Cheti cha Bara huhakikiwa na RITA, cha Zanzibar na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Pili, pa kuomba:

- Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanza kazi 2005. Elezeni hali yenu ilivyo. Kama kaya imo TASAF, hilo ni ushahidi wa kweli.
- Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, kwa Wazanzibari.
- Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/2023 kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Huu si mkopo.
- Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961.
- Ufadhili wa serikali ya Uturuki. Kwa kawaida maombi ni Januari 10 hadi Februari 20. Mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 21 na alama zisipungue asilimia 70. Aliye Kidato cha Sita anaweza kuomba kabla ya kumaliza.

Kuomba Madina na Uturuki hakuna ada. Anayedai fedha ili "alipitishe" jina anataka rushwa.

Tatu, mkopo ni deni. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya HESLB, iliyowatia wengi shaka ya riba, iliondolewa 2021. Hata hivyo someni mkataba kabla ya kutia saini, na mtunze nakala; aya ya 282 ya Surat al-Baqara inatufunza kuandikiana madeni. Kijana aanze masomo akiwa na nia ya kulipa.

Tunamwambia ndugu yetu wa Songea: mwanao akikosa nafasi mwaka huu, ataomba mwakani. Lakini akiingia chuoni kwa cheti cha uongo, wewe ndiye uliyemfundisha somo la kwanza.

Tunamuomba Allah Awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa.

Na Allah Anajua zaidi.